Nilivyosoma Kurasa Zisizokuwepo

Nilikula wali wa mazishi ya Konsolata na sikusema neno. Ilikuwa Homa Bay, upande wa chini karibu na maji, mwezi uliopita tu, watu wamejaa chini ya maturubai, nami nimepewa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi zangu. Binti yake mkubwa, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alishika kipaza sauti akauliza kama kuna mtu aliyemjua mama yao alipofanya kazi Awendo. Alisema mwaka ule mama yao hakuwahi kuusimulia. Wakimuuliza, alikuwa akijibu, "Awendo kuna miwa," basi, anaendelea na kazi yake. Mjukuu wangu Akinyi, ambaye ni mwalimu wa sekondari na sijivunii kitu kingine duniani kama yeye, alinigusa kwa kiwiko, akaniita bibi kwa lugha yetu. "Dani, si wewe ulikaa Awendo?" Nikatia kijiko cha wali mdomoni, kikubwa, ili mdomo uwe na kazi. Watu wakangoja. Mhubiri akachukua kipaza sauti, ikapita. Mimi si mwanamke wa kunyamaza, hata chifu wetu analijua hilo, lakini siku ile ningesema nini? Kwamba mama yenu alifukuzwa kama mchawi, na aliyemtengenezea uchawi ni mimi, nimekaa hapa nakula nyama yenu?

Ukoo wangu niuache ulale, hauhusiki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la tano, na nilipata kazi Awendo kwenye hoteli ya Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyehamia pale na mume wake mfanyabiashara. Ukisikia hoteli usifikirie vitanda. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza sita, na nyuma yake jiko la mabati lililokuwa na joto la kukausha samaki. Kati ya chumba na jiko kulikuwa na tundu ukutani, kama dirisha lisilo na kioo, ambapo sahani zilipita. Wateja walikuwa wakata miwa, madereva wa malori na watu wa kiwandani. Wakichoma mashamba, masizi meusi yalianguka mpaka ndani ya maziwa, tukiyatoa kwa kijiko, na mteja akiuliza tunamwambia ni majani ya chai. Harufu ya kiwanda, tamu na iliyooza kidogo, ilikaa kwenye nywele mpaka Jumapili. Roda alikuwa akikanda unga na kusonga ugali, na kucheka kila kitu, hata misiba. Mimi niliosha sufuria. Konsolata ndiye aliyepeleka chakula mezani na kufagia.

Niseme vizuri jinsi Konsolata alivyofanya kazi, maana hapo ndipo balaa liliposhika. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa na kichwa ambacho mimi sijaona tena. Mtu akiingia mara moja, Konsolata alishajua jina lake na anachokula. Basi anapoingia mteja, yeye hata hamuulizi, anageukia tundu na kuita, "Ouma! Ugali, omena, hapana pilipili!" Au, "Okelo! Chai mbili, moja baridi!" Kila mtu aliitwa kwa jina lake, kwa sauti, na watu walipenda. Mwanamume aliyeamka saa kumi alfajiri kukata miwa ya mtu mwingine, akisikia jina lake linaitwa hivyo, ananyooka mgongo. Konsolata alikuwa mjane. Mume wake alizama ziwani upande wa Sori, na mwili haukuonekana. Mimi na yeye tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, vitanda viwili na pazia katikati, na mtoto wake alikuwa kwa mama yake mzazi.

Kile kitabu kiliachwa chini ya meza na mtu wa lori. Jalada la mbele halikuwepo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, kinanuka dizeli. Mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Nilikiokota ili niwashie moto, nikasoma mistari miwili nikiwa nimechuchumaa, moto ukazima. Mama Zuhura akanifokea, "We msichana, unatafuta nini humo, mume?" Nikamwambia ni hadithi ya kutisha. Akasema, "Soma basi na sisi tutishike, kazi haitakwenda popote." Tangu siku hiyo, kila saa tisa mchana, sufuria za mchana zikiwa zimelowekwa na chai ya jioni haijawekwa, nilikaa juu ya gunia la makaa karibu na tundu nikasoma. Siku nikisoma siosheshwi sufuria. Roda ndiye aliyeziosha, akinung'unika. Wakaanza kuniita mwalimu. Mimi, wa darasa la tano! Nilikuwa na kiburi mpaka nilibadilisha namna ya kutembea.

Ilikuwa hadithi ya mji mdogo wenye barabara moja, kanisa moja na mashine moja ya kusaga iliyokuwa karibu na mto. Mwenye mashine anatumbukia mtoni, anatafutwa, hapatikani. Watu wanachukua mgomba, wanauvika sanda, wanauzika mahali pake ili roho yake itulie. Siku arobaini zikipita, mashine inaanza kusaga yenyewe mchana kweupe, hakuna mtu ndani, hakuna aliyetia mahindi, na unga unatoka. Kisha asubuhi moja zinaonekana nyayo za maji zimetoka mtoni mpaka nyumba ya kwanza, na mwenye nyumba hiyo amekufa. Kesho yake zimefika nyumba ya pili. Kila siku mlango mmoja. Na mke wa yule mtu kila jioni anapika chakula cha watu wawili, hasemi kwa nini. Nikifika hapo mikono yangu ilikuwa inalowa jasho, herufi zinateleza, na jikoni yanasikika maji yanayochemka tu.

Kila mtu alikipokea kwa namna yake. Mama Zuhura alisema viumbe wa maji wako, wametajwa, wala si wa kufanyia mchezo, na ikikaribia magharibi alinifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini saa tisa ikifika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kigoda. Roda alicheka. "Hakuna mzimu hapo. Huyo mwanaume ameoa Musoma, anakuja kuchungulia kama bibi ameolewa!" Karani wa mizani ya miwa, aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni, alisikiliza kutoka meza ya karibu akatoa hukumu kwamba kitabu kinajivuta, na kwamba mwandishi hajui mambo ya mashine. Na kulikuwa na Okelo, nyapara wa wakata miwa, mtu mzima mpole asiyekunywa pombe, ambaye alisikiliza amefumba macho. Huyu aliniuliza jambo moja tu: "Huo mji uko wapi?" Nikamwambia ni hadithi, mzee. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo ni kitabu ya kupigwa chapa. Serikali haiwezi kuacha uongo ipigwe chapa. Hao watu walikufa. Wamefichwa jina ya mji tu." Roda akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka.

Juzi Akinyi alinionyesha kwenye simu yake watu wanavyobishana kuhusu hadithi mpya ya mambo kama hayo. Mmoja amesema hajalala siku mbili. Mwingine amesema ni upuuzi, watoto wa chekechea wanatunga vizuri kuliko huyo. Wa tatu ameuliza ni mji gani huo, ili asipitie. Akinyi anawacheka wote watatu. Mimi naogopa yule wa tatu, kwa sababu nimeshamwona akiwa amesimama na panga.

Siku niliyosoma habari ya mgomba kuzikwa, Konsolata alikuwa ameegemea tundu, sinia kifuani. Akasema taratibu, hakumwambia mtu fulani, "Hata sisi tulizika yago." Watu wetu wanajua. Mtu akipotelea ziwani, mwili usionekane, linachumwa tunda la yago, lile refu la kijivu lenye uzito wa mtoto, linalazwa kaburini mahali pa mtu, linaliliwa kama mtu. Ni jambo la kawaida, hata kwetu limefanyika. Lakini kwa kuwa lilisemwa pale, baada ya maneno yale, jiko lote liligeuka kumtazama. Nje kwenye meza, Okelo alifumbua macho. Roda peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Basi wewe shika mlango vizuri, nyaminwa, dada yangu, asije akakutafuta na miguu ya maji!" Konsolata akatabasamu. Akaita, "Okelo! Chai mbili, moja baridi!" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nione mtu ameitwa jina lake akashtuka.

Wiki mbili zilizofuata wasikilizaji waliongezeka. Walikaa mpaka chini ya dirisha la nje, wamepakaa masizi, panga za miwa magotini, hawanunui hata mandazi, na Mama Zuhura hakuwafukuza. Nami nilikuwa nimeshagundua kitu ambacho sikumwambia mtu. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilipima kwa vidole, nikaona kinakwisha kabla hakijakwisha. Ningesema mapema, wangesikitika siku moja, basi. Lakini nikisema, kesho narudi kwenye masizi ya sufuria, na hakuna wa kuniita mwalimu. Nikajiambia Mungu atafungua njia.

Siku ya siku ikafika. Nyayo zimeshafika nyumba ya saba, na zinazofuata ni za mlango wa mke. Nikasoma ukurasa wa mwisho. Mke ameketi, chakula cha watu wawili kiko mezani, maji yanasikika yakidondoka nje ya mlango, tone, tone. Mlango unabishwa. Mke anainuka, anashika komeo, akasema, na hapo kwenye kitabu kuna mkato, na baada ya mkato hakuna kitu. Ni gamba la nyuma na doa la mafuta. Niliinua macho. Nakumbuka sura zote, Mama Zuhura amekunja shanga za tasbihi kwenye ngumi, Roda ameacha unga mikononi, na pale kwenye tundu nyuso zimepangana kama mayai kwenye trei. Sijawahi tena kuwa na watu mkononi namna ile, na sitaki. Nikarudisha macho kwenye doa la mafuta, nikaendelea kusoma.

Nilisoma kwamba mke alisema, "Ingia. Nimekuwekea jina la leo." Maneno yalitoka yenyewe, wala sijui yalikotoka. Nikasoma kwamba yule mke ndiye aliyekuwa akimwita mtoni tangu mwanzo, na kila mtu aliyekufa alikufa kwa sababu mke alilitaja jina lake asubuhi kwa sauti, na yule wa majini akalisikia, akalifuata mpaka mlangoni. Nikasoma kwamba watu wa mji walipojua, walikwenda wote mchana, wakamtoa, na nyayo hazikuonekana tena. Mwisho. Nikafunga kitabu. Mtu mmoja nje akasema, "Yesu." Karani akasema mwisho umemshangaza, ni mzuri kuliko kitabu chenyewe, na mimi mjinga nikaona mashavu yanawaka kwa furaha. Konsolata alichukua sinia, akatoka kwenda kufuta meza.

Kesho yake asubuhi aliita, "Ouma! Ugali, omena, hapana pilipili!" na Ouma, kijana mwenye nguvu za ng'ombe, akaweka mkono masikioni. "Mama, usiniite, tafadhali. Nitakuja mwenyewe kwa dirisha." Ikaanza kama utani. Kufikia Ijumaa hakuna aliyetaka kuitwa. Wakawa wanaingia wameinama, wengine wanatoa majina ya uongo, na mmoja alilia, mtu mzima, kwa sababu alimsikia akilinong'oneza jina lake jikoni. Konsolata akaanza kusema, "Yule wa kofia, chai." Hilo likawa baya zaidi, wakasema anaficha. Bombani wanawake walimwachia foleni nzima. Roda aliyekuwa akicheka aliacha kula chakula kilichoguswa naye. Nilipomuuliza, alisema, "Mimi siamini hiyo maneno. Lakini siamini kwa umbali."

Na mimi? Hili ndilo la aibu kuliko yote. Mimi niliyetunga, nikaogopa. Konsolata alikuwa akioga uani asubuhi, kisha anarudi chumbani bila viatu, na nilikuwa nimelala upande wangu wa pazia nikisikia ile miguu ya maji juu ya saruji, pwa, pwa, pwa, mpaka kitandani kwake. Nilikuwa nahesabu. Nilijiambia, Dorina, wewe mwenyewe ndiye uliyeyatoa maneno haya kichwani, mbele ya doa la mafuta. Moyo haukusikia. Siku moja aliniita jina langu kutoka upande wake, anataka kuazima kitana tu, na nikajifanya nimelala, jasho linanitoka. Aliita mara mbili. Kisha akachana nywele zake kwa vidole, nikisikia.

Jumatatu asubuhi mimi ndiye niliyefungua mlango. Pale kizingitini palikuwa na kitu kimelazwa, kimefungwa kwenye shuka jeupe, kirefu kama mtoto wa mwaka mmoja. Nilidhani ni mtoto. Nikainama, nikafunua kwa ncha ya kidole. Lilikuwa yago, bichi, shina lake bado linatoa maji. Waliliosha, wakalifunga sanda. Nilipiga yowe. Konsolata akaja nyuma yangu, akalitazama muda mrefu. Hakulia. Akaliinua kwa mikono miwili, jinsi unavyoinua kitu kinacholala, akalipeleka nyuma ya choo, akalifukia kwa jembe la jirani, na jirani akakataa kulipokea jembe lake. Tulikwenda kazini. Njiani alitembea mbele, nami nikamwacha atangulie hatua nyingi, watu wasituone pamoja.

Siku ya tatu lori la miwa lilipinduka shambani, likamlalia Ouma mguu. Hakufa, lakini mguu ulikwisha. Habari ilifika hotelini saa sita. Saa saba walikuja, kama watu ishirini, Okelo mbele, panga bado zina utomvu wa miwa. Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga kelele. Okelo alivua kofia mlangoni, kama mtu anayeingia kanisani. "Mama Zuhura, sisi hatuna neno na wewe. Tutolee huyo mama." Mama Zuhura alisimama katikati ya mlango na upawa wa mchuzi mkononi. "Amefanya nini?" Okelo akasema, "Leo asubuhi alimwita Ouma kwa jina. Watu watatu wamesikia." Na kweli alimwita. Ouma alikuwa ameacha kofia yake mezani, akamwita arudi aichukue.

Konsolata alikuwa jikoni, mgongo umegusa mabati ya moto na haondoki. Nikapita chini ya mkono wa Mama Zuhura, nikapanda benchi, kitabu mkononi. "Mwisho nilitunga! Si kweli! Kurasa hazipo, nilitunga mwenyewe!" Nilikuwa nalia na kamasi. "Tazameni! Kimeishia hapa!" Okelo hakujua kusoma, akamwita karani wa mizani aliyekuwa amejikunja kwenye kona na chai yake. Karani akakipokea, akakipindua. "Ni kweli," akasema. "Kurasa za mwisho hazipo." Nikavuta pumzi. Nilifikiri imekwisha. Okelo alifikiri kidogo, polepole, jinsi yake, halafu akasema, "Kwa hivyo zimetolewa. Sasa nani alizitoa? Nani anafagia hapa?"

Nikapiga kelele kwamba hazikuwepo tangu mwanzo, kwamba maneno ni yangu, ya jina na ya mto na yote. Akanitazama kwa huruma, kweli kabisa, kama mtoto mgonjwa. "Dorina mwanangu. Wewe wa darasa la tano. Unaweza kutunga maneno kama ile?" Watu nyuma yake wakaguna, hata mmoja akacheka. "Amemtisha huyu msichana," mwingine akasema. "Wanalala chumba moja, si atamtetea?" Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kutukanwa na huruma namna ile. Ningekuwa na cheti siku ile, hata cha uongo, wangeniamini.

Aliyemwokoa ni Mama Zuhura, na hakumwokoa kwa ukweli. Alisema, "Sikilizeni. Mkimgusa ndani ya nyumba yangu, huyo wenu wa maji atafuata damu, atakuja hapa, na kila mtu aliyekula kwenye meza hii ana jina lake humu ndani. Mnataka hivyo? Mwacheni aende na gari la saa kumi. Aende mbali, na majina yenu yaende kusahauliwa huko." Wakatazamana. Okelo akavaa kofia. Wakakaa nje wakingoja, wamechuchumaa upande wa pili wa barabara, safu moja, mpaka saa kumi.

Nilimfungia vitu vyake, havikujaza hata kikapu. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikapu ya Homa Bay, watu wakitupisha njia pana. Nikamwambia, "Nisamehe, nyaminwa. Mimi ndiye niliyetunga." Akasema, "Najua. Siku zote kidole chako kilikuwa kinatembea kwa mstari. Siku hiyo kililala mahali pamoja." Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akapanda kwanza, akaweka kikapu magotini, ndipo akanijibu bila hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Nilikuwa nangoja nione utamfanya nini yule mama. Hakukuwa na kitabu tena, kulikuwa na wewe tu. Ungeweza kumpa chochote." Dereva akawasha gari. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi kusikia sauti yake, na nimeishi wilaya jirani miaka zaidi ya arobaini, nikijua anakoishi, nikisikia habari zake sokoni, na sikwenda mpaka walipomzika.

Nilirudi kwenye sufuria. Niliomba mwenyewe. Lakini baada ya siku nne saa tisa ilipofika walikuja tena, wote, wakakaa kwenye meza na chini ya dirisha, na Okelo akasema kwa upole, "Mwalimu, tusomee tena ile ya mwisho." Mama Zuhura akanipa kitabu, hakunitazama usoni. Nikaona hapa ndipo pa kurekebisha. Nikasoma ule ukurasa taratibu, kidole kwenye mstari, chakula cha watu wawili, maji yanadondoka, mlango unabishwa, mke anashika komeo, akasema. Nikasimama. Nikawaambia kwa sauti, "Hapa ndipo kinaishia. Baada ya hapa hakuna neno. Hatujui alisema nini." Nikawageuzia kitabu, wote waone doa la mafuta.

Okelo alikuwa amefumba macho. "Ingia," akasema. "Nimekuwekea jina la leo." Mtu wa pili akaingia, akaendelea na habari ya mto, neno kwa neno, na wa tatu, na wale wa dirishani, na kutoka jikoni nikasikia sauti ya Roda nayo imo, haichelewi hata kidogo. Walikuwa wanatulia pale pale nilipotulia kuvuta pumzi. Nilifunga kitabu. Waliendelea mpaka mwisho.